Ubao wa Dirishani

9 Mei 1881

Leo nimewamba turubai sita. Nne za mdogo wangu Noémie, mbili zangu. Nimezipaka gundi ya ngozi ya sungura, na zikikauka nitapaka msingi, yaani rangi ya chini: nyeupe ya madini ya risasi iliyotiwa kijivu kidogo. Daftari hili ni la mambo hayo tu, yaani nini kimepakwa, lini, na hali ya hewa ilikuwaje. Baba alikuwa na lake alipokuwa akipaka rangi magari ya farasi kule Mantes, na ndiyo maana magari yake yalibaki mekundu wakati ya wenzake yalishakuwa na rangi ya matofali.

Upepo wa mtoni, baridi. Mto Seine umejaa hadi kwenye mizizi ya miti ya mipopla.

11 Mei

Msingi wa kwanza. Manyunyu.

13 Mei

Msingi wa pili. Nilikuwa nimeshika jiwe la kusugulia Noémie alipochungulia mlangoni, uji mdomoni.

"Dada, usizisugue sana zangu. Nataka ziwe na meno."

"Meno ya kumng'ata nani?"

"Ya kushika rangi. Na ziongezee kijivu kidogo, tafadhali."

Huyo ni mtoto niliyemlea tangu ana miaka mitano, Mama alipofariki. Brashi ya kwanza aliishika ndani ya kiganja changu. Sasa ana miaka ishirini na sita, mimi thelathini na minane, na ananifundisha msingi. Nimeziacha na meno. Nimeongeza kijivu.

17 Mei

Barua kutoka kwa Bwana Delahousse wa Paris. Ni mmoja wa wale wachoraji wanaokodi vyumba na kujionyeshea kazi zao wenyewe, bila kuwaangukia waamuzi wa serikali. Anasema wataonyesha tena mwishoni mwa Novemba, kuta ni chache, na kutoka nyumba yetu hapa Villemesle anaweza kuchukua picha moja. Iwe ya mto. Atakuja Septemba kuchagua.

Noémie aliisoma kwa sauti, akarukaruka kama mbuzi, kisha akanikumbatia. "Moja yetu, Dada! Yoyote itakayokwenda, ni yetu!"

Nimesema ndiyo. Ila mimi nilishaonyesha Paris mara moja, miaka minne iliyopita. Walinitundika juu ya mlango, na gazeti likaandika kwamba hiyo ni kazi ya mikono safi, na si zaidi. Hadi leo nikinawa mikono nayakumbuka maneno hayo. Naitaka nafasi hiyo. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mtu wa kumwambia: naitaka peke yangu, si yetu.

24 Mei

Jua. Kifurushi cha rangi kimefika kutoka kwa Pinchenat, muuza rangi wetu wa Paris. Tyubu kumi na mbili tulizoagiza, na moja ya zawadi: nyekundu mpya, ameiita nyekundu ya jeraniamu, kama lile ua. Noémie aliikamua tone moja kwenye ukucha na macho yakamtoka. Ukiipunguza kwa nyeupe, inatoa rangi ya waridi ambayo sijawahi kuiona ndani ya tyubu. Nyekundu yetu ya zamani, ile ya mizizi ya mmea, ikiwekwa karibu yake inaonekana kama mgonjwa.

Nimeitia ubaoni. Baba hakuwahi kupaka rangi mpya kwenye gari la mtu kabla haijakaa juani, na mimi nimeurithi ubao wake na kuupigilia misumari kwenye dirisha la kusini. Kila rangi napaka mstari mmoja. Nusu ya mstari naifunika kwa kipande cha bati, nusu naiachia jua. Baadaye nainua bati na kulinganisha. Kazi hiyo ni yangu. Noémie hajawahi hata kuligusa lile bati. Huniuliza tu, nami humjibu.

2 Juni

Noémie ameanza. Anataka saa moja hadi saa tatu asubuhi, basi, kabla jua halijapanda. Na ananitaka mimi nikae kwenye gogo la kushukia mtoni, chini ya mwavuli mwekundu wa Mama, nikimenya njegere.

"Kwa nini mimi? Mwite mmoja wa wafuaji."

"Wafuaji hawatulii. Wewe ukimenya njegere unatulia."

"Na picha yangu mimi nitaichora saa ngapi?"

"Mchana, Dada. Wewe unaweza mwanga wowote."

Anajua pa kunikuna. Nimekubali. Sharti lake: nisiione picha mpaka imalizike. Ikirudi nyumbani inageuzwa uso ukutani.

3 hadi 10 Juni

Njegere. Njegere. Mvua. Njegere.

12 Juni

Mchana nimeanza picha yangu: mto ule ule, daraja la reli kwa mbali, mashua mbili. Mchana mto hauna la kusema. Unang'aa kama sinia na basi.

19 Juni

Sijaiona picha, lakini hakuna aliyenikataza kuangalia mikono yake. Leo nilikaa pale na bakuli mapajani nikamchunguza kama afisa wa forodha.

Anakamua rangi kwanza kwenye karatasi ya kukaushia wino, anaiacha inyonywe mafuta mpaka iwe nzito kama jibini. Hilo nimemfundisha mimi. Kwenye kibao chake cha rangi hakuna nyeusi kabisa. Kivuli anakichukua kwenye bluu ya kobalti na ile nyekundu ya mizizi. Brashi ni pana, bapa, na hachanganyi rangi mpaka ziive. Anaweka bluu, pembeni yake kijani, pembeni yake waridi, anaziacha zigombane zenyewe. Halafu anangoja. Anakaa kitako kwenye nyasi, anakula mkate, rangi ikishashika kidogo anapitisha brashi kavu juu yake, shaa, mara moja tu, na harudii.

Mimi hurudia. Mimi hurudia mpaka mstari uombe msamaha.

20 Juni

Nimejaribu mtindo wake. Nimechukua brashi yake pana alipokwenda kununua mkate, nikaweka rangi pembeni kwa pembeni kama yeye. Nikapata tope. Nimekwangua, nimeosha brashi, nimeirudisha kwenye kopo ikitazama upande ule ule.

27 Juni

Joto. Nilipeleka shuka kwenye mashua ya kufulia nguo, ile iliyotia nanga ukingoni. Mama Gaudichon, mwenye mashua, alikuwa amekunja mikono hadi mabegani, na leo ulimi ulikuwa unamwasha.

"Octavie, mwanangu, huyo mdogo wako alipita hapa jana akazichora shuka zangu. Bluu! Mimi navunjika mgongo ziwe nyeupe, yeye anazipaka bluu!"

"Kwenye kivuli ni za bluu, Mama Gaudichon."

"Ala! Na wewe umeambukizwa?"

"Wewe mwenyewe maji ya mwisho unatia nini?"

Akaangalia beseni lake. Maji ya mwisho hutiwa bluu, kila mfuaji anajua, la sivyo nyeupe inaonekana njano. Wenzake wakaangua kicheko, yeye akanirushia povu.

"Haya, mmeshinda. Lakini niambie, ile aliyokuchora wewe umeiona?"

"Bado. Amenikataza."

"Mimi nimeiona." Akakamua shuka, akaikamua tena. Mama Gaudichon akikosa la kusema, ujue kuna jambo.

Nimerudi nyumbani roho inaniuma. Mpaka mfuaji ameiona.

6 Julai

Sijaiona picha, lakini nimeona ukingo wake ilipokuwa ikiingizwa. Upana wa vidole vitatu, basi. Kati ya mpako mmoja wa bluu na mwingine ameacha turubai wazi, na ule uwazi ndio uliogeuka kuwa maji. Kijivu changu. Meno yangu. Nusu ya mto wake ni msingi niliopaka mimi, na hakuna hata mtu mmoja atakayelijua hilo.

Nilikaa jikoni nikalia kidogo, kwa hasira. Kisha nikatengeneza kimanda.

15 Julai

Joto la kuchoma. Mto umepungua, matope yananuka. Njegere zimekwisha sokoni, sasa namenya maharage mabichi.

"Haidhuru," anasema Noémie. "Kijani ni kijani."

22 Julai

Picha yangu imekuwa nzito. Kila ninapoitazama naona mahali pa kurekebisha, na kila ninaporekebisha panakuwa pabaya zaidi. Daraja limenyooka. Hakuna daraja lililonyooka namna hiyo hapa Villemesle.

Jioni Noémie alisimama nyuma yangu. "Daraja limekaa vizuri sana, Dada." Alimaanisha. Hana unafiki hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa na kiburi ningemchukia nikapumzika.

3 Agosti

Leo nimeinua bati.

Nyeupe ya risasi: sawa. Njano ya kromu: sawa. Kobalti: sawa. Kijani: sawa. Nyekundu ya mizizi, ile mgonjwa: sawa kabisa, juani na kivulini huwezi kuzitofautisha. Nyekundu ya jeraniamu: chini ya bati, waridi lile lile la kutoa macho. Juani, hakuna kitu. Sisemi imepauka. Hakuna kitu. Ni uchafu mweupe kama kamasi la konokono. Wiki kumi tu.

Nilishika ubao nikasimama dirishani muda mrefu. Nje Noémie alikuwa anaosha brashi kwenye ndoo, anaimba vibaya, na kwenye aproni yake kulikuwa na waridi kila mahali. Kila asubuhi kibao chake kimejaa waridi hilo. Kwa hiyo ni mbingu yake ya asubuhi, ni maji yake, ni kila kitu. Picha nzima imesimama juu ya rangi ambayo ikitundikwa kwenye chumba chenye dirisha haitamaliza mwaka.

Ningeita tu. Dirisha lilikuwa wazi. Ningesema, Noémie, njoo uone.

Nilirudisha bati.

4 Agosti

Wakati wa chakula cha mchana. Supu ya vitunguu, jibini, yeye anakula kwa haraka kama kawaida.

"Dada, ubaoni vipi? Ile jeraniamu imekaaje?"

Nilikuwa nakata mkate. Niliendelea kukata.

"Imekaa vizuri."

"Nilijua tu! Maana inakaribia kuisha, na nina hofu Pinchenat asije akasema ilikuwa ya zawadi tu."

"Nitamwandikia."

"We Dada, sijui ningekuwa wapi bila wewe."

Vipande vya mkate vilikuwa vinane. Tuko wawili.

5 Agosti

Sikudanganya ili kumwumiza. Najua hata kuandika hivyo ni uongo, lakini nitauandika niutazame. Rangi ni ya Pinchenat, si yangu. Aliipenda yeye, mimi sikumshauri. Na wachoraji wangapi wa Paris wanaitumia hivi sasa, wanaume wenye ndevu na majina? Kwa nini wao wasiambiwe na yeye aambiwe?

Kwa sababu hao hawana dada mwenye ubao. Najua.

9 Agosti

Nimemwandikia Pinchenat kwa mkono wangu. Tyubu moja zaidi ya jeraniamu.

14 Agosti

Tyubu imefika. Mawingu.

16 Agosti

Jambo la ajabu. Tangu tarehe tatu nampenda Noémie upya. Kila asubuhi nashuka mtoni nikiwa mwepesi. Naangalia brashi yake ikiruka na haiumi tena. Nasema moyoni, chora, mtoto wangu, chora upendavyo. Nasimulia hadithi za Mantes, za Baba na farasi aliyelamba rangi mbichi akageuka mdomo kijani. Yeye anacheka mpaka inabidi ashushe brashi.

"Dada, siku hizi una nini? Una furaha mpaka unang'aa."

"Ni maharage," nikasema.

"Usiondoke hapo. Usiondoe huo uso. Ngoja, ngoja!" Akakamua waridi kwa pupa kama mtu anayewahi treni.

Nilingoja. Nilikuwa na furaha kweli. Kitu alichokuwa nacho kimekwisha, na mimi peke yangu ndiye ninayejua.

23 Agosti

Dhoruba. Mti wa mpopla umeanguka mtoni mbele kabisa ya mahali pangu pa kuchorea. Picha yangu imekosa mto wake. Nimeimalizia nyumbani kwa kumbukumbu.

1 Septemba

Ukungu wa kwanza. Noémie anasema amemaliza. Hajanionyesha.

8 Septemba

Wafuaji wameanza kuvaa soksi nzito. Tumechuma matofaa.

18 Septemba

Bwana Delahousse alikuja leo kwa treni ya saa nne. Mtu mrefu, buti zina tope, pua nyekundu, anazungumza huku akitafuta mahali pa kuweka kofia. Alikula matofaa matatu kabla hatujamwonyesha chochote.

Picha yangu kwanza, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Alisimama. Alisogea mbali, akarudi karibu, akainama mpaka pua ikakaribia daraja. Nilihesabu pumzi.

"Imetengenezwa vizuri sana," akasema.

Mikono safi. Nilijua saa ile ile.

"Na huu msingi," akaendelea, akigusa pembeni palipobaki wazi, "turubai zenu anaziandaa nani? Hii ni kazi safi mno. Paris hatupati msingi wa namna hii hata kwa kulia."

"Ni Dada," akasema Noémie kwa fahari. "Zangu na zake, zote."

"Hongera, Bibi Octavie. Kweli, hongera."

Nikasema asante. Alikuwa amesifia kile kilichofunikwa na picha yangu.

Kisha Noémie akageuza yake.

Niandike polepole. Mbingu haina waridi. Mbingu ni nyeupe ya risasi na kobalti na njano kidogo mno, ukungu unaoondoka. Mto hauna waridi. Ni kijani, ni bluu, ni kijivu changu kikipumua katikati. Miti, gati, mashua ya Mama Gaudichon yenye shuka zake za bluu, vyote vimechorwa kwa rangi ninazozijua na nilizozipima, rangi zitakazotuzika sote. Waridi lote, zile tyubu mbili, liko mahali pamoja. Liko kwa mwanamke aliyekaa kushoto, mkubwa, karibu, chini ya mwavuli mwekundu. Jua limepita kwenye kitambaa cha Mama likamwangukia usoni, shingoni, kwenye mikono yenye maharage, na kutoka hapo limeshuka majini likatawanyika mpaka miguuni pa anayetazama. Mwanamke huyo anacheka kidogo, kwa ndani. Si msichana. Ana miaka thelathini na minane na ni mzuri.

Sijawahi kuwa mzuri. Hakuna kioo kilichowahi kuniambia hivyo, wala mwanamume yeyote.

"Ee Mungu wangu," akasema Delahousse. Akaiacha kofia yake ianguke. "Huyu mwanamke ana raha ya nini?"

"Ni Dada yangu," Noémie akajibu, macho yamemjaa machozi. "Hivi ndivyo anavyokuwa akiwa na furaha. Watu hawajui tu. Nilitaka wamwone."

Delahousse akanitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama tena. "Hii," akasema. "Itasafirishwa mwezi ujao, ikishakauka."

Nilikwenda jikoni kuchemsha kahawa, na nilipofika sikujua nimefuata nini.

19 Septemba

Mvua.

20 Septemba

Mvua. Nimesimama mbele yake asubuhi nzima Noémie akiwa kijijini. Wivu haujaondoka, nilidhani utaondoka. Umegeuka tu. Sasa namwonea wivu yule mwanamke wa kwenye gogo.

26 Septemba

Nilichora kwenye karatasi nikajaribu kuona itakavyokuwa. Mto utabaki. Miti itabaki. Chini ya mwavuli kutakuwa na kitu cheupe kisicho na uso, kimeshika maharage ya kijani yanayong'aa vizuri. Watu watauliza, huyu ni nani, mbona amechora maiti?

Nikinyamaza, yeye atakuwa na jina lake na mto wake. Mimi ndiye nitakayefutika. Ilikuwa ya kuchekesha, nikacheka kweli, peke yangu, mpaka paka akatoka chumbani.

2 Oktoba

Noémie anashona gunia la kufungia picha. Anaimba. Bado vibaya.

5 Oktoba

Leo asubuhi, jua jembamba. Fundi wa sanduku la kusafirishia picha alikuwa aje saa sita. Saa tatu nilikwenda dirishani nikang'oa ubao misumari yake yote minne, nikauchukua mpaka chumba cha picha, nikauweka mezani mbele ya Noémie, juu ya gunia lake. Nikainua bati.

Alitazama. Hakuelewa mara moja. Kidole chake kilifuata mstari mmoja mmoja, nyeupe, kromu, kobalti, kijani, mizizi, kikafika. Kikasimama pale palipokuwa na waridi na pasipokuwa nalo.

"Hii ni ipi?"

"Unajua ni ipi."

"Imeharibika lini?"

"Niliiona tarehe tatu Agosti."

Nilimwona akihesabu siku, midomo inasogea, kama nilivyomfundisha kuhesabu kwa njegere alipokuwa mtoto.

"Mimi nilikuuliza tarehe nne," akasema. "Tulikula supu ya vitunguu. Ulikuwa unakata mkate."

"Ndiyo."

"Ukasema imekaa vizuri."

"Ndiyo."

"Halafu ukaniagizia nyingine."

Nilitegemea apige kelele. Ningejua la kufanya na kelele, nimemlea, najua kelele zake zote. Akauliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Kwa hiyo ulipokuwa pale kwenye gogo unacheka, tarehe kumi na sita, ulikuwa unacheka nini?"

"Noémie."

"Nakuuliza, Dada. Maana nilikaa nikiushukuru huo uso."

"Nilikuonea wivu," nikasema. "Tangu Mei. Tangu zamani kuliko Mei. Nilijua picha yako itakufa nikafurahi. Nilidhani ni mbingu. Sikujua ni mimi."

"Na ingekuwa mbingu?"

Alingoja jibu kwa haki kabisa, akampa mkubwa wake muda wote uliohitajika, na sikujibu.

Akachukua kisu cha rangi.

"Usikwangue," nikasema. "Au kwangua, halafu nikae tena. Tuna nyekundu ya mizizi, haibadiliki, umeona mwenyewe. Jua bado lipo. Nitakwenda kukaa sasa hivi, nitachukua mwavuli. Fundi tutamwambia aje kesho."

"Maharage yamekwisha, Dada," akasema.

Akaanza kwenye uso. Rangi ilikuwa bado laini kwa ndani, ikatoka kama siagi, waridi zuri ajabu, akawa anaifuta kwenye gunia. Uso, shingo, mikono, mwavuli wa Mama. Kisha yale ya majini. Alikwangua mpaka kwenye msingi, na msingi wangu ulishika vizuri, haukupasuka hata mahali pamoja. Kisha akakamua rangi kwenye karatasi ya kukaushia wino, akangoja inyonywe, akala kipande cha mkate akiangalia nje, na akaanza kuchora. Hakwenda mtoni kutazama. Alichora yaliyokuwa nyuma yangu wakati wote ule, aliyokuwa hayaoni kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele yake. Ilimchukua chini ya saa mbili. Nilisimama mlangoni mpaka mwisho na hakuniambia niondoke.

Fundi alikuja saa sita. Rangi ya kushoto ilikuwa mbichi, ikabidi aweke vijiti kwenye pembe kifuniko kisiguse.

11 Oktoba

Noémie amekwenda Paris pamoja na sanduku. Amechukua brashi zake, nguo za baridi na maboga mawili madogo ya bustanini. Ameacha mwavuli.

30 Oktoba

Barua fupi. Amepata chumba. Amenunua turubai dukani, zile zinazouzwa zikiwa zimekwisha pakwa msingi. Mimi najua zilivyo. Ni laini kama shavu la mtawa, hazina jino hata moja.

Mama Gaudichon ameniuliza mdogo wangu anarudi lini. Nimesema kazi ni nyingi.

6 Desemba

Mto umeanza kuganda pembeni. Barua kutoka kwa Bwana Delahousse. Picha imetundikwa ukuta mzuri, usawa wa macho, karibu na dirisha. Ameuliza mara moja yule mwanamke alikokwenda, kisha hakuliendeleza, kwa sababu, anasema, maji yale ya upande wa kushoto ndiyo yanayowasimamisha watu. Wanakuja wengine siku ya pili kuyatazama tena. Hajawahi kuona maji yaliyo tupu kiasi kile na yenye uhai kiasi kile. Ananipongeza pia kwa msingi.

Nimesoma nikaona wivu. Bado. Nauandika kama ulivyo.

Niliiangalia siku ile kutoka mlangoni kila alipokamua, kwa hiyo najua kilichopo pale nilipokuwa nimekaa. Nyeupe ya risasi. Bluu ya kobalti. Kijani. Njano ya kromu kidogo, kwenye ncha ya brashi. Zote nilizipima mwenyewe, ubaoni, dirisha la kusini, tangu Mei hadi Agosti. Hakuna hata moja itakayobadilika.